Nafasi Mbili Saiwa

Kitale,
29 Novemba 2003

Kwako Rispah,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, isipokuwa nyanya yangu, Shosho Nyaguthii, ambaye mguu bado unamsumbua. Bado nikiamka nasikiliza kengele ya shule, halafu nakumbuka kwamba tumemaliza na hakuna anayenisubiri mahali popote.

Nina habari. Nimeikalia tangu Jumapili kwa sababu sikujua nianzie wapi. Unakijua kile kinamasi cha Saiwa nilichokuwa nikikusimulia bwenini. Ni mbuga ya taifa, ingawa ni ndogo kiasi kwamba ng'ombe aliyepotea anaweza kuizunguka kwa siku moja. Serikali inalipa askari na kutunza ua. Mengine mengi yanafanywa na Marafiki wa Kinamasi, chama cha walimu waliostaafu, wakulima na daktari mmoja wa mifugo. Njia ya mbao ilipooza na watu wakawa wanazama hadi magotini, chama ndicho kilichotafuta wafadhili na mafundi. Chama ndicho kinachootesha miche na kuwapa wakulima wa juu ya mto, ili udongo usiteremke na kuziba maji ya nzohe. Nzohe ni yule swala wa majini niliyekuchorea kwenye daftari la jiografia.

Sasa chama kinataka wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne. Watajifunza mwaka mmoja huku wakiwatembeza wanafunzi kwenye njia ya mbao na kuwaeleza wanachokiona. Baadaye chama kitawalipia chuo cha wanyamapori. Katibu, Mwalimu Rosaline, alitangaza kanisani. Nilimfuata nje nikasimama karibu naye mpaka watu wote wakaondoka, na bado sikuweza kusema. Akaniuliza, "Wewe mtoto wa Gathii, umepoteza kitu?" Nikampa karatasi yenye majina mawili. Lako na langu.

Usinikasirikie kwa kukuandikisha bila kukuuliza. Nawajua ndege wote wa pale na sauti zao, lakini watoto arobaini wakinitazama nitajificha kwenye mafunjo. Wewe una mdomo. Nilimwambia Mwalimu hivyo, kwamba peke yangu sifai. Ametukubali sote wawili. Atakuandikia mwenyewe akupe masharti.

Sema ndiyo.

Rafiki yako,
Nyaruai


Bungoma,
8 Desemba 2003

Nyaruai wangu,

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka Mama akauriza kama nimerogwa.

Nimeona. Ni "akauliza". Usianze. Mwalimu Jairus alinikata alama kila insha ati l na r zangu zimebadilishana viti, nawe ukaja nyuma yake na kalamu yako nyekundu. Najua ulikuwa unanisaidia, lakini shule imeisha, bana. Barua si insha. Toka leo naomba unisome tu, usinisahihishe.

Sasa, ndiyo. Ndiyo mara mia. Unajua hapa nilikuwa nangoja nini? Senge, dada yake Baba, anafua mashuka katika hospitali ya misheni kule Lugulu, na ameshasema kwamba nafasi ya kufua ipo. Kila siku Mama ananiangalia mikono kana kwamba anaipima na karai. Usiku nalala nikiwaza kinamasi chako ambacho sijakiona, na watoto nyuma yangu kwenye mbao, nami mbele naongea, na wewe pembeni unaninong'oneza jina la ndege ili nisiseme uongo.

Baba alikuwa mgumu. Alisema, "Ati msichana wa Mukhwana akawaonyeshe watu swala? Swala si wanaonekana wenyewe?" Lakini nimemwandama. Barua ya Mwalimu Rosaline imefika, na katika masharti limebaki moja tu, ambalo ni kazi yake yeye kama mzazi. Likikamilika nitakuandikia, nawe umpelekee Mwalimu jibu kwa mkono, maana anataka kujua kabla ya Krismasi.

Msalimie Shosho na mguu wake.

Ndimi,
Rispah


Bungoma,
16 Desemba 2003

Nyaruai,

Naandika nimesimama. Barasa anapeleka lori la mbolea huko Kitale na injini inanguruma.

Kazi imekwisha. Jumapili Baba na baba mdogo walivaa makoti wakaenda kwa kina Walubengo. Walikaa huko mchana kutwa, wakachinjiwa kuku, wakaongea kama wazee. Mwambie Mwalimu Rosaline mahari imepatikana. Nitahamia kwao mwanzo wa Januari. Baba anatembea kama mtu aliyeshinda kesi. Mama analialia jikoni, lakini si unajua mama.

Nitakueleza yote tukionana. Barasa anapiga honi.

Rispah


Kitale,
20 Desemba 2003

Kwako Rispah,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Barasa. Niliisoma nikiwa nimesimama njiani, halafu nikaisoma tena nyumbani.

Sikujua kama wewe na Walubengo mmefika huko. Namkumbuka. Ni yule wa kwaya, siku ya mashindano ya nyimbo kule Lugulu, aliyekupa soda yake akabaki bila. Ulisema ni rafiki tu na mimi nikaamini. Nimejaribu kukufikiria ukimpikia na imenishinda.

Nilitaka kukuandikia kwamba una miaka kumi na minane, na kukuuliza, kinamasi je? Lakini uliniomba nikusome tu, nisikusahihishe, na nikaona labda hata hili ni la kusomwa tu. Mzazi akishakubali mahari, mimi ni nani.

Jana nilikwenda kwa Mwalimu Rosaline kama ulivyoniagiza. Nilimwambia kwamba wazee wa kwenu wamekubaliana mahari na unaolewa Januari. Alivua miwani akaifuta. "Basi jina lake niliandika bure," akasema. Nafasi amempa Cheptoo, binti wa jirani yake, ili majina yafike kwa wafadhili kabla ya sikukuu. Ni msichana mzuri. Anacheka kwa sauti.

Naituma barua hii kwa sanduku la posta la kanisa lenu, na natumaini mchungaji hatakawia nayo. Nakutakia ndoa njema, Rispah. Nasema kutoka moyoni, ingawa naogopa Januari.

Rafiki yako,
Nyaruai


Bungoma,
10 Januari 2004

Nyaruai,

Barua yako ya Desemba nimeikuta juzi. Mchungaji alikuwa ameiweka ndani ya Biblia yake tangu Krismasi, akaisahau. Ningeipata mapema, nisingekuwa na haja ya kuandika hii.

Nilifika kwenye lango la mbuga Jumatatu na sanduku langu. Askari anayeitwa Kipketer aliniuliza jina, kisha akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe si ndiye bibi harusi? Mzee amekufukuza mapema hivyo?" Nikacheka pia. Nilidhani ni mzaha wa kukaribishia wageni. Ndipo akatokea msichana amevaa sweta ya kijani ya chama, akanisalimia kwa adabu na kuniuliza kama nimekuja kutembea. Alikuwa Cheptoo.

Mwalimu Rosaline alinisikiliza mpaka mwisho. Alisikitika, nisimsingizie. Lakini wafadhili wametoa nafasi mbili na majina yamekwisha kwenda.

Nilikuwa nimepata mahali, Nyaruai. Ma-ha-li. Pa kulala. Sharti lilikuwa hilo, msichana anayetoka mbali awe na nyumba ya kuaminika karibu na mbuga. Wewe una kwenu, labda hukuandikiwa. Mzee Walubengo alifanya kazi ya reli pamoja na Baba, na sasa ana shamba karibu na kinamasi chenu. Mke wake alinitayarishia chumba cha binti yao. Huyo wa kwaya hata sura yake siikumbuki.

Umesahihisha insha zangu miaka minne. Katika Kenya nzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye angeliona neno lile na kujua nilitaka kusema nini.

Nilikuuliza pale langoni. Wakasema umepanda juu ya mto na watu wa miche. Jioni nilipita mbele ya kwenu, nikaona sketi yako ya shule kwenye kamba. Sikuingia. Nililala kwa Mzee Walubengo na asubuhi nikarudi nyumbani.

Rispah


Kitale,
18 Januari 2004

Rispah,

Kama ungeandika "mahali pamepatikana", ile "pa" ingenizindua. Uliandika "imepatikana", na mahari nayo husemwa imepatikana. Sentensi hii nimeifuta na kuirudisha, kwa sababu inaonekana kama nakulaumu. Sikulaumu. Hapa kwetu kila mtu anasema mahali imepatikana, hata mimi nikiongea. Na l na r zako nazijua kuliko ninavyojua zangu. Nilikuwa na siku nne za kukuuliza, "Rispah, unaolewa kweli?" Niliona aibu. Nilijiambia kwamba nakuheshimu, lakini ilikuwa aibu tu.

Alhamisi kamati ya chama ilikutana kwenye kibanda cha miche. Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo mpaka mzee mmoja akaniambia nirudie, maana alidhani naomba ruhusa ya kutoka. Nikarudia. Nikawaambia kosa ni langu, na nikaomba wakupe wewe nafasi yangu.

Mwalimu Rosaline alisema, "Nyaruai, nafasi si kiti cha kanisani umpishe mwenzako." Daktari wa mifugo akaeleza kwamba wafadhili wakiona majina yanabadilika kila mara, watadhani chama kinagawia jamaa zake, na msaada ukikatika njia ya mbao haitafika ng'ambo. Mbao zimeishia katikati ya kinamasi. Ukisimama mwisho wake unaona tu mafunjo, na watoto wa shule za ng'ambo wanazunguka kwa barabara kuu, ambako magari yanakimbia.

Wamesema uombe tena mwakani. Tafadhali omba. Nilikwenda kwa Mzee Walubengo kuuliza, na chumba bado kipo. Mkewe hajatandua kitanda.

Nisamehe.

Nyaruai


Lugulu,
6 Machi 2004

Nyaruai,

Kama unavyoona hapo juu, niko kwa Senge.

Mwakani hakuna. Wewe umekaa shambani kwenu na hujui sokoni kwetu kulivyo. Watu walimwona Baba amevaa koti akienda kwa kina Walubengo. Wakaniona natoka na sanduku. Wakaniona narudi nalo baada ya kulala huko. Wakajumlisha wenyewe. Ati Rispah aliolewa Kitale akarudishwa kesho yake. Mama akienda kununua omena, kuna mwanamke anamuuliza kwa huruma walinikuta na kasoro gani. Sasa atawajibu nini? Kwamba ilikuwa herufi moja? Alijaribu mara moja na wakamwangalia kama mtu anayemfichia mtoto wake.

Baba hanigombezi. Ingekuwa afadhali. Amesema tu kwamba msichana wake hatabeba sanduku tena kwa njia ya Kitale, na koti lile amempa baba mdogo.

Kwa hiyo nafua. Mashuka ya wodi ya wazazi ndiyo magumu. Senge ni mwema, na Jumapili nimepewa watoto wadogo kanisani niwafundishe nyimbo, maana nina mdomo.

Usijaribu tena kuwapa watu nafasi yako. Ukiiacha tutakuwa wawili tuliokosa, na mimi sitapata hata wa kumwonea wivu.

Rispah


Kitale,
12 Juni 2004

Kwako Rispah,

Barua zangu mbili hukuzijibu na sikudai. Hii naiandika kwa sababu kuna jambo unalopaswa kulijua mapema, na nimejifunza kutonyamazia jambo.

Likizo ya Agosti chama kitaleta watoto wa makanisa kutoka pande za Bungoma kuiona mbuga. Wengi wao wanasikia tu kwamba kuna wanyama huku na hawajawahi kuwaona, na chama kinasema mtu hawezi kutunza kitu ambacho amesimuliwa tu. Kitalipa basi na chakula. Kwenye orodha nimeona kanisa la Lugulu. Sikulipendekeza mimi, naapa.

Kama utakuja nao, usiogope kukutana nami. Anayeongea na watoto ni Cheptoo. Mimi nabeba darubini na kutembea nyuma, na nikiona mtoto anakaribia ukingo namshika shati. Ukitaka, siku hiyo nitaomba nibaki kwenye miche.

Mvua imekuwa nzuri. Nzohe mmoja amezaa karibu na mnara wa kutazamia wanyama. Mtoto wake anajua kujificha kuliko mimi.

Nyaruai


Kitale,
21 Agosti 2004

Rispah,

Hukunijibu, kwa hiyo sikujua. Na asubuhi ile Cheptoo aliamka na malaria, Mwalimu Rosaline akanivisha filimbi shingoni na kusema, "Leo ni wewe au hakuna." Nilipoliona basi nilitamani lipate pancha. Walishuka watoto, wakashuka tena watoto, halafu ukashuka wewe, umemshika mkono yule mdogo kuliko wote. Umekonda. Umevaa kitambaa cha kichwa kama Mama yako.

Nilikuwa nimepanga kukuita jina. Nilifungua mdomo nikasema, "Karibuni Saiwa," na nikaendelea hivyo hivyo, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Sikumbuki nilisema nini pale mwanzo. Nakumbuka mtoto aliyeuliza kwa nini nzohe hazami, na nikaeleza kwamba kwato zake ni ndefu na zinatanuka, kwa hiyo anakanyaga matope kama mtu aliyetandika ubao. Nikawaomba wakae kimya kidogo. Ndipo nzohe jike akatoka kwenye mafunjo, karibu kabisa, na mtoto wake nyuma. Niligeuka nikuone unavyomwona. Ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu vya yule mdogo. Nilisikitika kwamba umemkosa.

Mlipokuwa mnapanda basi ulinipa mkono pamoja na wale watoto. Ukasema, "Asante, mwalimu." Mimi nikasema karibu tena. Nimejichukia kwa hilo tangu jana. Miaka minne tulilala kitanda cha juu na cha chini, na nikakwambia karibu tena.

Sasa nisikilize. Mwezi wa kumi chama kitachukua wasichana wengine wawili. Mwalimu Rosaline anakukumbuka, na Mzee Walubengo yuko tayari kwenda mwenyewe kwa Baba yako, aeleze mbele ya watu kwamba ulikuwa mgeni wa mkewe na hakuna lingine. Sitaandika jina lako mpaka uniambie. Nakuuliza wazi: niliandike au nisiliandike?

Nyaruai


Lugulu,
30 Agosti 2004

Nyaruai,

Umeuliza vizuri, nami nakujibu. Usiliandike.

Mshukuru Mzee Walubengo, lakini asiende. Watu wameanza kusahau, na akionekana kwa Baba akiwa amevaa koti, wataanza upya. Mama hivi karibuni ameanza kwenda sokoni bila kupitia nyuma ya maduka. Siwezi kumwondolea hilo.

Lakini nisikufiche, si Mama peke yake. Januari, nikirudi na sanduku, nilijiambia kwamba hutaweza bila mimi. Nilijiambia kwamba watoto watakuja, utajificha kwenye mafunjo, na wale watu wa kamati watakuna vichwa na kusema, yule mwingine yuko wapi, yule mwenye mdomo? Nimefua miezi yote hii na wazo hilo. Ndiyo sababu sikujibu barua zako. Nilikuwa nangoja ushindwe. Na ndiyo sababu nilipanda lile basi.

Halafu nikakusikia. Uliongea polepole, na watoto wakanyamaza wenyewe. Mimi ningewachekesha, Nyaruai. Wangecheka siku nzima na yule nzohe asingetoka.

Nilimwona. Yule mtoto hana viatu vya kamba, ana ndala. Niliinama kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na sikutaka watoto wayaone.

Ukienda chuoni usome kwa bidii. Mbao zikifika ng'ambo uniandikie mistari miwili tu, nijue. Barua nyingine sitazijibu, na usidhani ni hasira. Nikizisoma, kazi ya hapa inakuwa nzito.

Tukirudi, mtoto mmoja anayeitwa Fridah aliniuliza kwenye basi kama namjua yule dada wa wanyama. Nikamwambia tulisoma shule moja. Akauliza kama tulikuwa marafiki. Tulikuwa tunapita Kiminini, mashamba yamejaa pande zote mbili, nikamwonyesha mahindi.

Rispah